Isale Nililong'oa Mwika

Enzi zetu, na najua mama yangu akisoma hapa atacheka kwa sababu nimemaliza chuo juzi tu, shule ilikuwa na harufu. Harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji, ya mafagio ya chelewa, ya kashata iliyoyeyuka mfukoni mwa sketi. Kengele ilikuwa ringi ya gari. Pale Njoro, mtaani kwetu mjini, tulicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka soksi zikabadilika rangi, halafu jioni tukafunga ushungi na kukimbilia madrasa tukinuka jasho. Watoto wa leo wakiuona mpira wa matambara wanaupiga picha.

Tulipokuwa darasa la nne akaja Manka kutoka Mwika, kule mlimani kwa Wachagga, kuishi kwa shangazi yake aliyeuza ndizi mtaani kwetu. Alinishinda rede, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili, alikuja na kiburu kwenye kontena, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, akakila mbele yetu kwa raha zake. Nikaropoka, "Kiburu huyo!" Darasa zima likaangua kicheko. Sikuwa nimewahi kuchekesha watu vile, nikanogewa. Wiki mbili tukamwita Kiburu: mstarini, kwenye foleni ya bomba, hata mwalimu akiita majina. Kwanza akaacha kula. Halafu akaacha kucheza. Jumatatu moja dawati lake likawa wazi. Amerudi Mwika, tukaambiwa, na amesema hasomi tena.

Jioni ileile, kana kwamba amedokezwa, ustadhi wetu akafundisha kuwa Mungu amekataza kudharauliana na kuitana majina ya kuudhi. Hilo ningelivumilia. Lakini akaongeza: "Ukimkosea Mungu, utatubu, atakusamehe. Ukimkosea mwenzako, mpaka akusamehe yeye mwenyewe. Usije kunililia mimi."

Mimi ni mtu wa kuwaza tangu tumboni. Je, nikifa leo? Je, Manka akifa leo? Je, akisahau jina langu, atanisameheje? Ugali ukanishinda.

Kesho yake nikaenda kwa shangazi yake kununua ndizi ambazo hakuna aliyenituma.

"Shikamoo mama. Nina rafiki yangu mmoja, amemkosea Mchagga. Afanyeje?"

Alinitazama kama anayekagua ndizi mbivu. "Marahaba. Mwambie huyo rafiki yako apeleke isale, lile jani refu. Mchagga akiletewa isale, awe na hasira gani, anasamehe. Na aende mwenyewe, asitume mtu."

Baba alikuwa fundi cherehani, na Jumamosi hiyo alikuwa anapeleka Mwika majoho ya kwaya aliyoyashona. Nikang'ang'ania kwenda. Tulipofika akanielekeza kwa kina Manka, yeye akaenda kanisani na furushi lake. Njiani, kati ya migomba na mibuni, nikaona masale yamejipanga mstari. Nikawaza: jani moja ni la kosa dogo, na wiki mbili si kosa dogo. Nikashika shina kwa mikono miwili, nikalitikisa, nikaling'oa zima, na mizizi yake na udongo wake.

Manka alikuwa uani akikata majani ya ng'ombe. Babu yake alikuwa kwenye kigoda.

"Shikamoo babu. Nimekuja kumwomba Manka msamaha."

Hakuitikia. Alikuwa anatazama mizizi. "Umelitoa wapi hilo?"

"Pale njiani, babu."

"Pale njiani! Manka, njoo uone! Mtoto wa mjini kaja kuomba msamaha na mpaka wangu mkononi!"

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba masale ndiyo yanayopandwa mipakani, wala kwamba babu na jirani yake walibishana miaka kabla ya kukubaliana lile liote wapi. Nikaangua kilio. Manka akacheka mpaka panga likamdondoka.

"Babu, lakini si ameleta isale? Huwezi kumkasirikia."

"Marahaba," babu akasema mwishowe, kwa uchungu.

Manka akaniletea jembe. "Rudisha kwanza." Nikapanda, nikashindilia kwa miguu. Kisha akachuma jani moja, akanipa. "Haya, anza upya."

"Nilikuita jina baya kwa sababu ulinishinda rede. Nisamehe."

Akalipokea. "Jumatatu utakula kiburu mbele yao. Na kontena utabeba wewe."

Nilibeba, nikala. Nilipowaambia lile jina likome, wakalihamishia kwangu wiki nzima, na Manka akawa anawatwanga mpira wa rede mmoja mmoja mpaka wakakoma.

Juzi mpwa wangu wa sekondari na wenzake walitengeneza stika ya kumcheka mwanafunzi aliyelia darasani, wakaisambaza kwenye grupu la simu. Nikamwambia aende nyumbani kwa huyo mwenzake akaombe msamaha. "Aunti, si nimeshaifuta?" Ameifuta kwa wote, kama vile na yule mtoto amefutwa kumbukumbu. Tusidanganyane, sisi tulikuwa wabaya vilevile. Ila ubaya wetu ulikuwa na uso, na nyumba ya uliyemkosea ilikuwa na njia ya kuifikia. Jumapili nampeleka kwa miguu, alie asilie.

Mwezi uliopita nilikwenda Mwika kwa Manka. Isale langu limekuwa kichaka. Nikalitazama, nikatazama mstari wa mengine, nikang'amua: nilikuwa nimelirudishia hatua nzima ndani ya shamba la jirani. Nikamgeukia babu. Babu akageukia mlima.

Sasa jirani yule naye nimemkosea miaka yote hii, na ni lazima niende mwenyewe. Ila isale la kumpelekea, nichume kwenye mpaka wa nani?