Kochi Lililovuliwa Nailoni

Mtaa mzima ulimwita Mama Makochi, na jina hilo alilipata kwa jasho. Alipigilia mbao mwenyewe, akajaza sponji, akashona kitambaa, na kochi likikamilika alilifunga nailoni gubigubi. Ole wake atakayelikalia! Hata mumewe, katika karakana iliyojaa makochi, alikula chakula cha mchana juu ya ndoo.

Taabu ni kwamba wateja walikuwa wameadimika. Siku hizi watu huchagulia kochi kwenye simu, na picha alizopiga Mama Makochi zilionyesha nailoni inayometameta, mwanga wa taa, na kidole gumba chake mwenyewe. Mwenye duka kubwa la samani alimwambia aachane na karakana, aende kumshonea mito kwa mshahara. Alimpa hadi mwisho wa mwezi kujibu. Mama Makochi, ambaye hakuwahi kuwa na bosi, alianza kufungasha vifaa vyake huku moyo ukimuuma.

Ndipo alipokuja binti wa dada yake, ambaye kazi yake ni kuwapigia picha wafanyabiashara. Aliingia na kamera na taa zake, akatazama huku na huku.

"Mama mdogo, vua hii nailoni."

"Thubutu! Na vumbi lote hili? Mwanangu, kizuri chajiuza."

"Kitajiuzaje kikiwa ndani ya mfuko?"

Mume alijifanya anakohoa. Mama Makochi alimkata jicho, kisha akachukua mkasi. Kitambaa cha kijani kikatokeza, na mishono yake imenyooka sawasawa. Wakalisogeza kochi karibu na dirisha. Mpiga picha akapiga mara kadhaa, akatikisa kichwa.

"Ni zuri, lakini limenuna. Linataka mtu."

Mama mkwe, aliyekuja kutazama tu, hakungoja kubembelezwa.

"Tangu huyu mkwe aolewe mimi nakalishwa kwenye ndoo," alisema, akajitupa kochini, akapandisha miguu. "Alaa! Kumbe!"

Taa hazijakaa sawa, bibi wa watu alikuwa keshapitiwa na usingizi, mdomo wazi, anakoroma. Mama Makochi aliruka kwenda kumwamsha kwa aibu. Binti akamdaka mkono.

"Usimguse, mama mdogo! Hapo hapo!"

Picha ilipowekwa mtandaoni, simu haikupumua. "Nataka lile analolalia bibi," alisema wa kwanza. Mwingine akauliza kama bibi naye anauzwa. Mama mkwe akajibu kwamba yeye ni wa maonyesho tu. Binti alirudi kupiga picha makochi mengine, safari hii na mume akisoma gazeti, na kila picha ilileta watu mlangoni. Mama Makochi alifurahi hadi akalia. Kazi ya mikono yake ilikuwa nzuri siku zote. Sasa watu walikuwa wanaiona.

Mwisho wa mwezi, mwenye duka kubwa alikuja mwenyewe. Alilazimika kusubiri, maana wateja walikuwa wametangulia.

"Haya, mama," alisema zamu yake ilipofika, "unaanza lini kwangu?"

Mama Makochi alitoa pini mdomoni, akacheka.

"Samahani, baba, kwako siji. Ila kama una fundi mzuri wa mito, nipatie. Hapa kazi imenizidi."