Ukuta Alioufuta Mama Sabuni

Hospitalini walimwita Mama Sabuni, na jina hilo hakupewa kwa fitina. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akipiga deki wodi ya wazazi, na hadi leo akiingia nyumba ya mtu, salamu yake hutoka baada ya macho kuzunguka pembe zote nne za chumba. Mkwewe humtania kwamba siku ya kufa kwake atainuka kuwaambia waombolezaji wavue viatu. Yeye husonya tu. Amewaona watoto wachanga wakifa kwa uchafu, na jambo hilo halimchekeshi hata kidogo.

Basi mto ulipovunja kingo na kukivamia kijiji cha bondeni, naye yuko likizo, hakungoja kubembelezwa. Alichukua brashi zake mbili na ndoo, akapanda lori la watu waliojitolea kwenda kusaidia usafi.

Mwenyekiti wa kijiji aliwaelekeza watoe tope, waoshe sakafu na vyombo, kuta waziache kwanza. Huenda alieleza na sababu, lakini wakati huo Mama Sabuni alikuwa anabishana na dereva aliyeikanyaga ndoo yake. Yeye alichosikia ni uvivu. Kuta waziache! Mtu mwenye akili timamu anaoshaje sakafu huku ukuta unaidondoshea tope?

Alipangiwa nyumba ya mjane mmoja, bibi mwembamba wa miaka sabini na kitu, anayeishi peke yake. Maji yalikuwa yamemfika kifuani, yakaacha mstari wa kahawia kwenye kuta zote. Godoro, unga, nguo, vyote vilikwenda. Alichookoa ni picha ya marehemu mumewe, aliyokimbia nayo kichwani. Na alipoufungua mlango asubuhi ile, kabla hata ya kuokota sufuria, aliitundika kwenye msumari wake wa siku zote, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, juu ya tope lile lile.

Mama Sabuni akataka kuishusha apitishe brashi. Bibi akakataa katakata; msumari ule mumewe aliupigilia mwenyewe, na picha imeshahangaika vya kutosha. Wakavutana kwa maneno mpaka bibi akashinda, akaenda zake shuleni kupanga foleni ya chakula.

Mama Sabuni akajifunga kibwebwe. Alisugua kutoka juu kwenda chini, kutoka ndani kuelekea mlangoni, kama alivyozoea wodini. Ukuta ulikuwa wa rangi ya mafuta, ukaitikia sabuni vizuri. Jioni bibi alirudi, akasimama kizingitini, akalia kwa furaha. Lakini Mama Sabuni alilala akiwaza kipande kile kilichobaki nyuma ya picha. Kilimkera.

Kesho yake ndipo alipofika ofisa wa tathmini na futi yake. Alipima mstari wa tope nyumba kwa nyumba na kuandika kitabuni, maana walioandikwa ndio watakaopewa godoro, saruji na chakula cha miezi mitatu. Kwa mjane alitazama kuta zinazong'aa, akasema nyumba hii iko mwinukoni, maji hayakuingia. Nje nako mvua ya usiku ilikuwa imeosha kila kitu.

Mama Sabuni alikuwa kwa jirani akisuuza vyombo. Aliposikia, aliviacha vyombo. Alikwenda mbio, mikono inachuruzika povu, akakiri kwamba aliyeosha ni yeye, tena baada ya kukatazwa. Ofisa hakumfokea. Alimwambia kwa upole kwamba anaandika anachokiona. Jana tu ameapiwa na watu watatu ambao hawakulowa hata kidole.

Bibi alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono mapajani.

Mama Sabuni akaanza kutafuta. Nyuma ya mlango, kwenye bawaba, chini ya dirisha, kote alikuta usafi wake mwenyewe. Mwanamke aliyeogopa doa maisha yake yote sasa alikuwa anazunguka chumba akimwomba Mungu ampatie moja. Ofisa alikuwa ameshakunja futi Mama Sabuni alipokumbuka.

"Mama," alimwambia bibi, "niruhusu niishushe picha."

Bibi aliinuka, akaishusha mwenyewe.

Nyuma yake palikuwa na kipande cha ukuta, juu peupe, chini tope lililokauka na kupasukapasuka, na katikati mstari ulionyooka. Ofisa alipiga magoti, akaikunjua futi yake, akapima kutoka sakafuni, akaandika. Bibi akaomba asomewe jina lake, akasomewa.

Ofisa alipoondoka, bibi alimsogezea Mama Sabuni ndoo.

"Haya, mwanangu, sasa pasugue. Najua pamekunyima usingizi."

Mama Sabuni alichovya brashi, akasimama mbele ya kile kipande. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

"Nisamehe, mama. Nusura nikumalize kwa usafi."

Akairudisha brashi ndooni, akaichukua picha, akaifuta kioo kwa upindo wa kanga yake, kisha akaitundika pale pale, juu ya tope.