Aliyesoma Haandiki

Wenzake kazini walimpachika jina la Dada Mlango, likamkaa. Alitunga maktaba za programu, yaani msimbo ambao waandishi wengine huuchukua na kuutumia ndani ya programu zao, na alichokipenda kuliko vyote ni kupanga milango yake: nini kiingie, nini kitoke, kiitweje. Hapo alikuwa haambiliki. Angebishana asubuhi nzima kwa neno moja, chai ikapoa, na bado akashinda.

Kwa hiyo alipogundua kosa lake mwenyewe, alikosa raha kabisa. Ndani ya maktaba yake ya kusoma maandishi kwa sauti aliazima msimbo wa mtu, kipande cha kukata maneno kuwa silabi. Kilikuwa cha bure, lakini leseni ilikuwa na sharti: ukikitia kwenye programu unayoigawa, nawe uweke wazi msimbo wako wote. Yeye aliisoma juu juu. Kaka yake alitumia maktaba hiyohiyo katika programu ya kuwasomea wasioona vitabu, na mle ndani mlikuwa na sehemu ya mteja aliyeahidiwa kwamba haitaonyeshwa mtu. Programu ilikuwa inatoka wiki ijayo. Ikitoka hivyo, kaka lazima avunje ahadi moja kati ya mbili: ya mteja au ya leseni.

"Kifiche nyuma ya mlango mwingine," kaka akasema. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na kukificha si kukiondoa, kaka."

Ninamvulia kofia kwa kilichofuata. Kipande kipya angekiandika akiwa amefumba macho. Lakini alikuwa ameusoma msimbo wa yule mwenye kipande mstari kwa mstari, na alijijua: angeunakili bila kukusudia. Akamwita wifi yake, mke wa kaka, naye mwandishi wa programu ambaye hakuwahi kuutia machoni. Wifi akakaa na kompyuta sebuleni, yeye akabaki jikoni. Aliruhusiwa kusema kinachoingia na kinachotoka tu. Cha katikati, mdomo kufunga.

"Nikiingiza 'mtu', zitoke ngapi?" wifi akauliza.

"Mbili. M, halafu tu."

"Nitajuaje kama hiyo m inasimama peke yake?"

Dada Mlango akasugua sufuria iliyokuwa safi tangu jana. Jibu lilimwasha ulimini.

"Wifi, umelala?" sauti ikamjia kutoka sebuleni.

"Hilo siwezi kukuambia."

"Una roho ngumu wewe."

"Najua. Endelea."

Kaka akapita, akamwona mkewe kashika tama. "Mwambie basi. Mbona unamtesa mwenzio?" Dada yake akafungua bomba, maji yakamjibu.

Wifi alihangaika siku kadhaa, akafuta, akaanza upya, hadi kompyuta ikasoma ukurasa mzima bila kukwama. Kaka akacheka kwa furaha kama aliyeiandika yeye. Programu ikatoka siku yake, ahadi zote mbili zikiwa nzima.

"Yamekwisha," wifi akasema. "Sasa niambie, kile cha kwanza kilifanyaje?"

Dada Mlango alitamani kumwambia. Ilikuwa kazi nzuri sana, na hakuwa na mwingine wa kuizungumza naye.

"Hiki chako kikiharibika, nani atakitengeneza?" akauliza.

Wifi akafikiri kidogo. "Mimi."

"Basi siwezi."

Mpaka leo, kile kipande kilicho moyoni mwa maktaba yake mwenyewe, yeye hakigusi.