Poti Niliyomfungulia Kaka

Nakumbuka siku niliyomkubalia kaka yangu Gervas, mwanangu, na natamani ulimi wangu ungekauka kwanza. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilitunza kompyuta za ofisi moja ya misaada hapa Mpanda, naye alikuwa kwenye tawi letu la Sumbawanga. Akanipigia simu: "Nifungulie njia kwenye seva yenu, nisome taarifa nikiwa huku. Neno la siri la nini kati ya ndugu?"

Kwetu kaka mkubwa haambiwi hapana. Nikafungua poti moja, mlango wa kuingilia seva, isiyodai neno la siri, nisimwambie mtu.

Haukupita muda, mashine ikawa nzito, na mafaili ya mgao wa chakula yakaanza kufutika. Kama ni Gervas, au mwingine aliyeiona njia ile, sijui mpaka leo. Mwenzangu Esperansi, binti wa Kirundi aliyekulia makazi ya wakimbizi ya Katumba, ndiye aliyekaa kulitafuta tatizo. Alichomoa waya wa simu uliounganisha seva na nje, uzito ukaisha; akauchomeka tena, uzito ukarudi. Akaiamuru seva imwonyeshe poti zote zilizo wazi, akazikagua moja moja.

"We mrina asali," aliniita, maana mimi ni Mkonongo, kabila la warina asali, na tulizoea kutaniana hivyo, "hii nani kaifungua? Mimi siijui."

Kumbe mkuu wetu alikuwa nyuma yetu. "Ndiyo, nani?"

Nikacheka. "Si huyu mkimbizi! Hawa lazima waache pa kutorokea."

Esperansi naye alicheka. Mkuu hakucheka, alikuwa mgeni ofisini, utani wetu hakuujua. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Esperansi akanigeukia, akingoja niseme nilikuwa natania. Mimi nikainamia kibodi. Jioni ile aliachishwa kazi.

Wakati huo nilikuwa namposa Esperansi, na mshenga wangu alikuwa ameshapokewa kwao. Baba yake akarudisha jembe tulilopeleka kuposea. "Mwambieni," alisema, "aliyeshindwa kumsemea binti yangu ofisini, nyumbani atamsemea wapi?"

Mwanangu, ndugu akikuomba ufungue kisicho chako, mkatalie kwa heshima. Ukiwa umeshakosea, sema mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na utani ni wa wanaoujua. Mbele ya mwenye rungu, sema kweli.

Mungu akujalie ujasiri wa kutamka "ni mimi" kabla mwenzio hajaumia. Mimi sikuyatamka, nikampoteza Esperansi, na nimezeeka bila mke wala mtoto wa kumzaa mwenyewe.