Mwanamke Niliyemsogeza Kwenye Ilungu

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya mabango pale Majengo, Fundi Mkuu alinipa msasa badala ya brashi. "Nani kakufundisha kuchora?" aliuliza. Nikamwambia ni bibi. Bibi hakuchora hata mstari. Alikuwa akisimulia hadithi huku akipepeta ulezi, nami nachora ukutani kwa mkaa, maana nilizipenda mno kuziacha zipite. Fundi akacheka, nikapiga msasa miezi mitatu.

Nyie vijana mnabofya tu. Sisi ukuta tuliupaka chokaa, tukaupiga miraba kwa uzi wenye masizi, ndipo tukaikuza picha ya karatasini mraba kwa mraba. Ukikosea mmoja, mtu anatoka na shingo ya kuku.

Ukuta wangu wa kwanza peke yangu ulikuwa wa ukumbi mmoja huko Mwazye: wazee wetu wakiyeyusha chuma. Hakuna mwanamke wa karakana yetu aliyekuwa amepewa ukuta. "Ukiharibu, rudi kwenu ukapalilie mahindi," Fundi alisema, na hakuwa akitania. Nikachora ilungu, lile tanuri refu la udongo la Wafipa, wanaume wakilishindilia mkaa na mawe ya chuma. Kando yao nikamweka bibi yangu akiwapa uji. Nilijisikia kweli kweli.

Siku ya ukaguzi Mwenyekiti wa ukumbi alikuja na mzee mmoja, mtoto wa myeyusha chuma. Mzee alitazama, kisha akamnyooshea bibi yangu mkongojo.

"Mwanamke hafiki kwenye ilungu," alisema. "Chuma kingeharibika. Baba alilala hukohuko mpaka kazi iishe, mama hamwoni. Nani kakudanganya?"

"Futa ukuta wote," Mwenyekiti akaniambia. "Fundi wako atuletee mwanaume."

Nilikuwa naipoteza kazi, na kosa lilikuwa langu. Bibi hakuwahi kusema alifika pale. Alisimulia moshi, na nyimbo alizozisikia kwa mbali. Alisimulia vizuri mno, nami kwa utoto wangu nikamsogeza hadi tanurini.

"Babu, bibi hakunidanganya," nikasema. "Ni mimi niliyemsogeza. Nipeni mpaka kesho, nimrudishe mahali pake."

Mzee akaushusha mkongojo. "Mpe," akamwambia Mwenyekiti.

Nilimfuta bibi, nikamchora upya mwisho kabisa wa ukuta, ng'ambo ya kijito, chungu cha uji kikiwa chini, uso kaugeuzia moshi. Sikula siku hiyo.

Kesho yake mzee hata ilungu hakulitazama. Alimwendea yule mwanamke, akamgusa begani, rangi mbichi ikamshika kidole.

"Mama alikuwa anasimama hapa," alisema. "Nilidhani nimebaki peke yangu ninayekumbuka."

Mwenyekiti akavua kofia. Ukuta ukabaki, na kazi nikaifanya mpaka macho yalipogoma. Sasa nimestaafu, nipo Milanzi, na watu bado hunisifia lile tanuri. Mimi najivunia bega lile lenye alama ya kidole. Fundi aliniagiza nikairekebishe, nikamkatalia.