Mwizi Mwenye Shikamoo

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya bima hapa Morogoro. Mbele yangu, mama muuza mboga kutoka milimani alikuwa akidai fidia ya simu yake iliyoibwa.

"Mwizi alikupiga, mama? Alikutisha?" karani aliuliza.

"Aliniamkia shikamoo, akaniomba simu apige mara moja. Nikampa, akatokomea."

"Basi hatulipi. Tunalipa wizi wa kutumia nguvu. Hii ulimpa mwenyewe."

Mama akanyosha mkono. "Haya mwanangu, niazime yako nimwambie mume wangu."

Karani akampa kwa mikono miwili. Mama akaifunga kwenye pindo la khanga, akaelekea mlangoni.

"Mama, simu yangu!"

"Kwani nimekupiga?"

Simu ilirudishwa, na fomu ya madai ya mama ikajazwa upya palepale ili alipwe. Nami siku hizi nikiamkiwa kwa adabu sana, naitikia marahaba huku nimeshika mfuko.