Mataifa Darini kwa Bi Pazia

Bi Pazia hakuzaliwa na jina hilo, lakini mtu akishona mapazia tangu ujana mpaka mvi, jina la kuzaliwa hubaki kwenye vyeti tu. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu. Cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia, na majora ya vitambaa yaliyoegemezwa ukutani kama watu wanaosubiri daktari. Mteja akiingia, Bi Pazia hakuanza kwa kumuuliza dirisha lina upana gani. Alimuuliza, "Unataka kuficha nini?" Mwingine alicheka, mwingine aliona haya, lakini wote walimjibu, na kwa jibu hilo yeye alijua kama atoe kitambaa kizito au lesi.

Chumba cha kati ndicho alicholala, na kwenye dari la chumba hicho ndiko yalikokaa mataifa yake.

Mambo yalianza alipokuwa msichana wa shule. Mdogo wake wa kiume alipanda ukuta wa jirani kufuata mpira, akashuka bila ngazi, akavunjika paja. Hospitalini walimfunga plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni, akarudishwa nyumbani akiwa amekauka kama ubao. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulimwita Plasta, na hata leo, mtu mzima mwenye kitambi na wajukuu, anaitikia jina hilohilo. Mama yao alishinda kazini, kwa hiyo dada akitoka shule kazi yake ilikuwa kukaa na mgonjwa. Na mgonjwa hakuwa akishikika. Mguu ulimwasha mahali ambapo mkono haufiki, wenzake aliwasikia wakicheza nje, naye hakuwa na cha kutazama ila dari.

Dari lenyewe lilikuwa aibu ya nyumba. Bati lilikuwa na matundu ya misumari, na kila mvua maji yalipenya yakaacha mabaka kwenye mbao, mengine ya rangi ya chai, mengine ya rangi ya kutu, yenye kingo kama ramani.

"Acha kulia," dada alimwambia siku moja. "Unasumbua watu."

"Watu gani?"

"Wa Nchi ya Juu. Wale pale, kwenye baka linalofanana na figo."

Plasta alinyamaza, akatazama. "Wanaitwaje?"

Dada hakuwa amejiandaa. "Wasirandu," alisema, jina lililomjia mdomoni lenyewe. "Ni watu wa kale sana. Walikuwako kabla ya milango. Nyumba zao ni kuta nne tu, hakuna pa kuingilia."

"Sasa wanaingiaje?"

"Unasimama nje unaimba jina lako. Wakiipenda sauti yako, wanabomoa ukuta uingie, halafu wanaujenga tena."

"Na mwenye sauti mbaya?"

"Analala nje."

Plasta, ambaye sauti yake hata mwalimu wa nyimbo aliiombea msamaha, aliipiga plasta yake ngumi. "Hiyo si haki," alisema.

"Ndiyo maana wakagawanyika," dada alijibu, na hapo hapo taifa la pili likazaliwa. Wenye sauti mbaya walichoka kulala nje, wakavuka ufa mkubwa uliopasua ubao wa tatu, wakaenda kujenga mji wao upande wa pili. Hao ndio Wakoche. Kwao kuimba kulikatazwa kabisa, hata kwa watoto wachanga. Ukifika kwa mtu ulipiga hodi kwa kiganja, na ni wao waliovumbua mlango. Walikuwa pia na namna yao ya kuamua ugomvi: waliogombana walibebeshwa mtungi mmoja wa maji, huyu ameshika sikio hili la mtungi na yule sikio lile, wakauzungusha mji mzima. Maji yakimwagika, wote wawili wana makosa. Yasipomwagika, hakuna aliyekumbuka tena waligombania nini.

Plasta alikuwa na maswali yasiyo na adabu wala mwisho. Nani anaosha vyombo kwa Wasirandu? Mfalme wa Wakoche akiota ameimba, anafungwa? Dada alijibu yote huku akipinda pindo za sare za shule, kazi ndogo aliyopewa na fundi wa jirani, na alikuja kugundua kwamba mkono hushona vizuri zaidi kichwa kikiwa ugenini. Mvua kubwa ilipokuja, baka la figo lilivimba likameza ubao mzima. Plasta alianza kutoa kamasi.

"Wamekufa Wasirandu."

"Hakufa hata mmoja. Walipanda mitumbwi."

"Hujawahi kusema wana mitumbwi."

"Hujawahi kuniuliza."

Plasta ilikatwa, mguu ukapona, mtoto akarudi kwenye mpira. Lakini Nchi ya Juu haikufungwa. Kila msimu wa mvua ulileta habari mpya, na ndugu wawili waliziamua pamoja, chali kitandani. Walikua hivyo. Dada akawa fundi wa mapazia, Plasta akawa fundi bomba. Mama alipofariki, nyumba ilibaki kwa dada. Aliolewa na dereva wa lori, mtu mpole, wakaishi hapo hapo. Siku alipomweleza kuhusu mataifa ya darini, mume alitazama juu, akakuna shingo, akasema, "Mradi wasituangukie." Hilo ndilo neno lake pekee juu ya jambo hilo mpaka alipotangulia mbele ya haki, na Bi Pazia alimpenda kwa kutocheka.

Aliyechoka ni Plasta. Kila Jumamosi alikuja kunywa chai kwa dada yake, na kila Jumamosi alikuja na ngazi.

"Dada, niruhusu nizibe hayo matundu. Watu wananicheka. Wanasema fundi anazuia maji ya mtaa mzima, dada yake analala chini ya bwawa."

"Ukiziba, umeandika mwisho wa historia. Mvua ndiyo kalamu."

"Mbao zimeoza."

"Zimekomaa. Kunywa chai."

Naye alikunywa, akabeba ngazi yake, akaenda zake.

Asubuhi moja, mvua ikinyesha kana kwamba mbingu imetobolewa, Bi Pazia alikuwa chumba cha mbele anatia marinda pazia la mwenye duka la dawa. Alisikia kishindo kama gunia la viazi limetupwa kitandani. Alipofungua mlango, alikuta dari lote chini: mbao zimelala juu ya shuka, vumbi la miaka, kiota kikavu cha nyigu, na maji yakidondoka moja kwa moja kutoka kwenye bati. Kwanza alicheka, kwa sababu alikumbuka neno la marehemu mume wake. Halafu aliketi kwenye kiti, kicheko kikamwishia.

Plasta alifika amelowa chapachapa. Kwa heshima hakusema "nilikwambia", lakini nyusi zake zilisema. Walianza kutoa mbao nje, huyu ncha hii, yule ncha ile. Bi Pazia alitaka kuokoa ubao wa mji mkuu wa Wasirandu. Plasta alisema umeoza, utaleta mchwa. Bi Pazia akavuta, ndugu yake akavuta, na mji mkuu ukavunjikia mikononi mwao kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

"Kwa Wakoche tungebebeshwa mtungi sasa hivi," Plasta alisema.

"Usinitajie Wakoche."

Hawakusemeshana tena mpaka chumba kikaisha. Plasta aliziba bati, akapigilia mbao mpya, akazipaka rangi nyeupe pe. Ilikuwa kazi safi, hata Bi Pazia alikiri. Lakini kulala chini yake kulikuwa kama kulala ndani ya yai. Alitazama juu, juu hapakumtazama. Baada ya siku chache mwenye duka la dawa alirudisha pazia lake, akalitandaza mezani.

"Bi Pazia, umenishonea maua yanachungulia sakafu."

Kweli, kitambaa kilikuwa kimegeuzwa, maua yote kichwa chini. Kosa kama hilo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa mwanafunzi wa kazi. Aliomba radhi, akafumua.

Habari zilimfikia wifi yake, mke wa Plasta, mwanamke mnene mwenye vicheko vya karibu na maneno ya moja kwa moja. Alikuja mwenyewe. "Wifi, fungasha nguo. Ukae kwangu mpaka harufu ya rangi iishe."

"Harufu imeisha."

"Basi kaa mpaka uso wako ukunjuke."

Bi Pazia hakuwa na mazoea ya kulala kwa Plasta. Siku zote ndugu yake ndiye aliyekuja, kwa hiyo nyumba ile aliijua sebule na jikoni tu. Wifi alimpa chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya mabomba, akamtandikia kitanda kati ya masanduku ya viungo vya mabomba na koki. Baada ya chakula cha mchana alijinyoosha, akatazama juu.

Juu ya kitanda palikuwa na baka. Halikuwa baka la jana. Lilikuwa na kingo juu ya kingo, kahawia juu ya kahawia, mvua nyingi zilizopita. Kwenye kona palikuwa na beseni.

"Wifi," aliita. "Hiki nini?"

Wifi aliingia akifuta mikono kwenye kanga. "Usinikumbushe. Tangu tuhamie namwambia azibe. Kesho, kesho. Maji ya wenzake anayaziba, ya kwake anayakinga na beseni. Nikimtafuta jioni namkuta humu amekaa juu ya sanduku, ametoa macho darini. Nimeshamwombea dua nimechoka."

Uso wa Bi Pazia ulianza kukunjuka.

Plasta alirudi jioni, akamkuta dada yake amekaa kitandani, anamngoja.

"Hawa ni akina nani?" Bi Pazia aliuliza, kidole juu.

Plasta aliweka chini mfuko wa vifaa. Alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. "Huwajui," alisema.

"Naona siwajui. Ndiyo maana nauliza."

"Ni Wapelemu."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipooa nikahamia huku."

Bi Pazia alimtazama kama aliyegundua kuwa ndugu yake ana mke mwingine. "Ulizaa taifa zima bila kunieleza?"

"Niliona aibu, Dada. Mtu mzima, nina ndevu."

"Haya, eleza."

Alieleza, kwanza kwa kigugumizi, halafu mikono ikaanza kusaidia. Wapelemu walikuwa watu wa kale waliotoka kwenye nchi nzuri sana. Siku ya kuondoka waliona ni utovu wa adabu kuipa nchi hiyo mgongo, wakaondoka kinyumenyume, nyuso zimeielekea. Ikawa desturi. Walitembea kinyumenyume sokoni, shambani, vitani. Adui walidhani wanakimbia, wakawafuata, wakagongana nao.

Bi Pazia alisikiliza mpaka mwisho. "Ni watu wazuri," alisema. "Ila hilo la vita halijakaa sawa. Mtu aliyekupa mgongo anakugongaje?"

"Ndiyo hoja yenyewe."

"Si hoja, ni ujinga."

Walibishana hadi mezani. Wifi alipakua chakula akiwatazama kwa zamu, mkono na upawa hewani. Aliposhiba kubishana kwao, aliuliza swali moja, bila kucheka.

"Na wanawake wao wakiwa na mimba, wanatembea kinyumenyume vilevile?"

Miaka yote ya Wapelemu, Plasta hakuwahi kuliwaza hilo.

"Maana," wifi aliendelea, "mimi nikiwa na mimba kwenda mbele tu ilikuwa kazi. Hao wanawake wangekataa. Wangegeuka."

"Wangegeuka," Plasta alirudia polepole.

"Basi ni wao peke yao walioona nyinyi wanaume mnakokwenda. Bila wao mngekuwa mmetumbukia shimoni kabla ya mwaka kuisha."

Plasta aliweka kijiko chini. Bi Pazia aliinama juu ya sahani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Usiku huo beseni halikuzungumziwa.

Asubuhi, kabla Bi Pazia hajainuka, mlango ulisukumwa na goti. Wifi aliingia na vikombe viwili vya chai, akasimama kati ya masanduku ya koki, macho yameinuka darini.

"Wifi, nimewaza usingizi umenipita. Hao wanawake wakishajifungua, wanarudi kinyumenyume, au wameshazoea mbele?"

Bi Pazia alijisogeza ukutani, akapiga godoro kwa kiganja. "Kaa," alisema. "Hilo ni suala zito."